Kila Uchafu Una Umri Wake

Chukua tani moja ya makaa ya mawe ya kawaida, yenye salfa asilimia 2, kaboni asilimia 65 na majivu asilimia 10, uitie kwenye tanuri la mtambo wa umeme. Baada ya muda mfupi makaa hayapo tena, lakini vilivyokuwa ndani yake vipo vyote, kila kimoja kimeshika njia yake. Kilo 20 za salfa zimeungana na oksijeni zikawa kilo 40 za dioksidi ya salfa, gesi inayokaa hewani siku chache kabla ya kushuka na mvua ya asidi au kugeuka chembe laini zinazoingia mapafuni. Kilo 650 za kaboni zimekuwa karibu tani 2.4 za hewa ukaa (ndiyo, uzito unazidi ule wa makaa yenyewe, kwa sababu oksijeni imechotwa hewani). Kilo 100 za majivu, yenye arseniki na metali nyingine, zinasubiri pa kutupwa. Na kuna zebaki kidogo, sehemu ya gramu tu, ambayo itazunguka na upepo, itaanguka ziwani, itaingia kwa samaki na kutoka kwa samaki itaingia kwa mlaji.

Moto mmoja, dohani moja, uchafu wa aina nne. Salfa huhesabu umri wake kwa siku. Hewa ukaa huhesabu kwa karne. Majivu hukaa pale yalipowekwa mpaka ukuta unaoyazuia uchoke. Zebaki haiozi kamwe, huhama makazi tu. Lakini tazama jinsi nchi nyingi zinavyojipanga: wizara ya afya imekabidhiwa moshi, ya maji imekabidhiwa mito, ya nishati inahesabu umeme, na tabianchi imewekewa kitengo chake kwenye jengo la pembeni. Kila mmoja anapambana na uchafu wake kwa ratiba yake, bila kumuuliza jirani.

Naamini hapo ndipo tunapokosea. Uchafu unapaswa kupangiwa kikao kimoja, kwa sababu unatoka kwenye moto mmoja. Lakini uandikiwe madaftari tofauti, kwa sababu hauishi umri mmoja. Ukikosea la kwanza, utaufukuza uchafu mlangoni uingie dirishani. Ukikosea la pili, utamwachia mjukuu wako deni huku ukijisifu kwamba umelipa.

Tuanze na umri, maana ndio unaoamua karibu mambo yote. Fikiria viwanda vitatu, kila kimoja kikitoa tani 100 za uchafu kila mwaka. Uchafu wa kiwanda cha kwanza huisha ndani ya mwaka uleule. Wa kiwanda cha pili hukaa kwa wastani wa miaka 12, kama ilivyo gesi ya methani. Wa kiwanda cha tatu hauishi. Ikipita miaka 50, mazingira ya kiwanda cha kwanza yamebeba tani 100 tu, zilezile za mwaka huo. Ya kiwanda cha pili yamebeba karibu tani 1,200 na hapo yametulia, kwa kuwa kinachoingia kinalingana na kinachooza. Ya kiwanda cha tatu yamebeba tani 5,000, na hayana dalili ya kutulia.

Sasa serikali inatoa amri kwamba kila kiwanda kipunguze nusu. Kwa kuitazama, ni amri ya haki, haikumpendelea yeyote. Kwenye kiwanda cha kwanza mzigo unashuka hadi tani 50 mwaka huohuo. Kwenye cha pili unashuka taratibu kuelekea tani 600, na baada ya miaka 12 hivi sehemu kubwa ya safari hiyo imekwisha. Kwenye cha tatu mzigo unaendelea kupanda, tani 50 kila mwaka badala ya 100. Waziri atatangaza mafanikio ya asilimia 50, na mafanikio yenyewe ni kwamba mambo sasa yanaharibika kwa nusu ya mwendo wa zamani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakina tundu.

Hewa ukaa inafanana zaidi na kiwanda cha tatu kuliko cha pili. Kabla ya zama za viwanda, hewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni. Leo zimepita 420. Kwa makadirio ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, kati ya asilimia 15 na 40 ya gesi tunayotoa katika karne hii itakuwa bado angani baada ya miaka 1,000. Bahari na misitu hunyonya sehemu yake, lakini hazina haraka. Kwa uchafu wa namna hii, neno "kupunguza" halitoshi. Joto husimama pale tu utoaji unapofika sifuri halisi, yaani kinachotolewa kisizidi kinachoondolewa, na kila tani inayotangulia siku hiyo inaongeza urefu wa ngazi ambayo hatutaishuka.

Desemba 1952, jiji la London lilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe kwa siku tano. Hesabu za mwanzo zilitaja vifo 4,000. Tafiti za baadaye zikafikisha idadi hiyo hadi 12,000. Bunge likapitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956, moto wa makaa ukaanza kuondolewa majumbani mtaa kwa mtaa, na ndani ya kizazi kimoja hewa ya jiji ikawa nyingine kabisa. Kisa hiki hupenda kutajwa na wale wanaosema nchi ikue kwanza, isafishe baadaye. Wana ushahidi wao pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachumi Gene Grossman na Alan Krueger walilinganisha miji ya nchi nyingi wakaona salfa na moshi hupanda nchi inapoanza kuinuka, halafu hushuka kipato kikishakuwa kikubwa.

Kwa salfa na moshi, ni kweli. Lakini moto ule wa London ulitoa vitu viwili. Moshi ulipeperushwa upepo ulipobadilika. Hewa ukaa iliyotoka kwenye makaa yaleyale, kwa sehemu yake, ipo juu yetu hadi leo, na itakuwapo wakati jiji lenyewe limesahau kwa nini liliwahi kuwasha makaa. Anayesema "tutasafisha tukishatajirika" anasema jambo linalowezekana kwa uchafu wa siku. Kwa uchafu wa karne anaahidi kitu ambacho utajiri wake hautaweza kukinunua, au utakinunua kwa bei mara nyingi zaidi ya ile ya kujizuia.

Risasi, ile metali yenye sumu, inasimama katikati ya uchafu wa siku na uchafu wa karne, na mimi huikumbuka kila mtu anapodai kwamba sumu ikipigwa marufuku imekwisha. Ilianza kutiwa kwenye petroli miaka ya 1920, na nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Hewani risasi ilitoweka haraka, na damu za watoto zikaonyesha nafuu ndani ya miaka michache: huo ni mmoja wa ushindi mkubwa kabisa wa afya ya umma. Udongoni haikutoweka. Risasi iliyotemwa na magari ya miaka ya 1970 ingali kando ya barabara za zamani na kwenye viwanja vya miji, na mtoto anayetia mdomoni mkono wenye vumbi leo anadhuriwa na gari lililokwisha kuyeyushwa likawa nondo.

Tukikubaliana kwamba umri ndio msingi, swali linalofuata ni la bei. Mwaka 1920 Arthur Cecil Pigou, mchumi wa Cambridge, alieleza wazo ambalo wachumi wengi hulitumia hadi leo: anayemdhuru mwenzake bila kumlipa atozwe kodi inayolingana na madhara, naye ataacha mwenyewe mahali ambapo kuacha kunagharimu kidogo kuliko kulipa. Kwa moshi wa siku tano hesabu hiyo si ngumu, kwani wagonjwa wanahesabika na hospitali zina rekodi. Kwa uchafu wa karne lazima kwanza useme madhara ya mwaka 2125 yana thamani gani leo, na hapo ndipo wachumi hugombana.

Wanatumia kiwango cha punguzo, yaani riba iliyogeuzwa kinyumenyume. Hasara ya dola milioni 1 itakayotokea miaka 100 ijayo, ukiipunguza kwa asilimia 5 kwa mwaka, leo inahesabiwa kuwa dola 7,600 hivi. Kwa asilimia 2 inakuwa takriban 138,000. Kwa asilimia 1 inakaribia 370,000. Hasara ni ileile, watu watakaoumia ni walewale, lakini kwa kubadilisha tarakimu moja kwenye jedwali umewafanya wawe na uzito mara hamsini zaidi au pungufu. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, mwaka 2023 ulitumia asilimia 2 ukapata dola 190 kwa tani ya hewa ukaa, 1,600 kwa tani ya methani na 54,000 kwa tani ya oksidi ya naitrasi, gesi inayotoka hasa kwenye mbolea. Kwa hewa ukaa, makadirio yaliyokuwa yakitumika kabla ya hapo, kwa punguzo kubwa zaidi, yalikuwa madogo mno ukiyalinganisha na hayo.

Msimamo wangu hapa ni wazi. Asilimia 5 inafaa kwa mfanyabiashara anayenunua lori, kwa sababu yeye ndiye atakayeliendesha na ndiye atakayelipa mkopo. Haifai kwa uchafu ambao anayefaidika nao na anayeumia hawatakutana kamwe. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na katika jambo hili mjukuu si mfano wa maneno bali ni mtu halisi ambaye hakuwepo kwenye kikao. Kadiri uchafu unavyoishi muda mrefu, ndivyo kiwango cha punguzo kinavyopaswa kuwa kidogo na kuendelea kushuka kadiri miaka inavyosogea. Kwa moshi wa wiki hii, chagua kiwango chochote, jibu halibadiliki.

Bei ikishapatikana huja kishawishi cha kubadilishana. Kama tani moja ya methani ni sawa na tani 28 za hewa ukaa, kwa nini kiwanda kisizibe bomba la gesi linalovuja kikaruhusiwa kuchoma makaa zaidi kwa fidia? Mikataba na masoko mengi ya kaboni yamejengwa juu ya ulinganisho huo. Tatizo ni kwamba hiyo 28 ni wastani wa miaka 100. Ukipima kwa miaka 20, methani ina nguvu karibu mara 80 ya hewa ukaa. Ukipima kwa miaka 500, iko chini ya 10. Hakuna namba moja ya haki, kwa sababu unalinganisha moto wa nyasi na moto wa gogo. Anayekata methani leo na kutoa hewa ukaa badala yake amepata ubaridi wa miongo miwili kwa gharama ya joto la miaka elfu, na kwenye karatasi zake hesabu imefungwa vizuri.

Wachumi Alan Manne na Richard Richels walionyesha mwaka 2001 kwamba, kama dunia imejiwekea kikomo cha joto, thamani ya methani ikilinganishwa na hewa ukaa haipaswi kuwa namba iliyoganda. Inapaswa kuwa ndogo kikomo kikiwa mbali na kupanda tunapokikaribia, kwa kuwa methani ya leo itakuwa imekwisha kabla hatujafika ukutani, na ile ya mwaka wa kufika itatugusa moja kwa moja. Nionavyo mimi, njia salama zaidi ni kutoruhusu kubadilishana kabisa kati ya uchafu wa miaka 12 na uchafu wa karne. New Zealand ilijaribu njia hiyo kwa sheria ya mwaka 2019: lengo moja la sifuri halisi kwa gesi zinazodumu, na lengo lake peke yake kwa methani ya mifugo na taka. Ukubwa wa lengo la methani wanaubishania hadi leo. Utengano wenyewe ulikuwa wa busara.

Madaftari tofauti, basi. Lakini nilisema pia kikao kimoja, na hii ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi.

Rudi kwenye dohani yetu. Ili kuzuia zile kilo 40 za dioksidi ya salfa, mtambo hufungwa mnara unaonyunyizia moshi uji wa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Salfa hushikwa na chokaa ikawa jasi, ambayo ikiwa safi hutumika kutengeneza mbao za ukuta. Ni ufundi mzuri na umeokoa maisha mengi. Lakini chokaa inaposhika salfa huachia hewa ukaa: kwa kilo 40 zilizoshikwa, karibu kilo 27. Mnara nao hula umeme, kwa hiyo makaa zaidi yanachomwa kuulisha. Na maji yanayotoka humo huwa na zebaki na seleniamu ambazo zamani zingepaa na moshi. Hakuna kilichotoweka. Salfa imehamia kwenye jasi, zebaki imehamia majini, na sehemu ndogo ya tatizo la siku imehamia kwenye daftari la karne.

Majivu nayo vivyo hivyo. Vichujio huyakamata kabla hayajatoka na moshi, jirani wa mtambo anashukuru kwa kuanika nguo zikabaki nyeupe, na majivu yanapelekwa kwenye bwawa. Katika eneo la Kingston, jimbo la Tennessee, Marekani, yalirundikwa hivyo kwa miongo. Tarehe 22 Desemba 2008 ukuta wa bwawa ulivunjika usiku, na takriban mita za ujazo milioni 4 za tope la majivu zikamwagika mtoni na kwenye makazi. Yalikuwa majivu ambayo hewa ilikwisha kuokolewa nayo.

Mifano ya namna hii haiishi. Miaka ya 1970 dohani zilirefushwa ili moshi upite juu ya vichwa vya majirani. Ile ya Sudbury, Kanada, ya mwaka 1972, ilifika mita 381. Miji ya karibu ilipumua, na mvua ya asidi ikazidi kuanguka mbali. Ulaya ilipoanza kuyatoza magari kodi kwa kiasi cha hewa ukaa, dizeli ilipata upendeleo kwa sababu hutoa kidogo kwa kila kilomita, na ikafika wakati zaidi ya nusu ya magari mapya ya Ulaya Magharibi yalikuwa ya dizeli. Oksidi za naitrojeni, gesi za dizeli zinazodhuru mapafu, zikabaki kwa wingi mijini, na mwaka 2015 ikabainika kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu ya kudanganya vipimo. Udanganyifu ni kosa la aliyedanganya. Lakini sera iliyotazama gesi moja tu ndiyo iliyofungua soko hilo.

Hata ushindi mkubwa kuliko wote una mkia. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliondoa gesi zilizokuwa zikila tabaka la ozoni, na leo nchi zote zimeiridhia. Viyoyozi na majokofu vikahamia gesi za HFC, ambazo hazigusi ozoni. Ila kilo moja ya HFC-134a, iliyotumika sana kwenye viyoyozi vya magari, hupasha dunia zaidi ya mara 1,300 ya kilo moja ya hewa ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Ilibidi wajumbe wakutane tena, safari hii Kigali, Oktoba 2016, kukubaliana kuzipunguza hizo nazo, hatua inayotarajiwa kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo mwisho wa karne. Kilichoniridhisha ni kwamba chombo kilekile kilichotatua tatizo la kwanza kilikuwa tayari kurekebisha la pili. Hakikujifanya kazi imekwisha.

Jambo gumu kuliko yote katika mada hii, na ambalo nadhani halisemwi vya kutosha hadharani, ni kwamba chembe za salfa hupoza dunia. Huakisi mwanga wa jua na hufanya mawingu yang'ae zaidi. Ripoti ya IPCC ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba chembe kama hizo zinazotokana na shughuli za binadamu zimeficha joto la kati ya sifuri na nyuzi 0.8. Kwa hiyo nchi inaposafisha moshi wake, inaokoa mapafu ya watu wake na wakati huohuo inafunua joto lililokuwa limefunikwa. Tarehe 1 Januari 2020 kikomo cha salfa kwenye mafuta ya meli kilishushwa duniani kote kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na ile michirizi ya mawingu inayofuata meli baharini ikapungua waziwazi kwenye picha za satelaiti.

Wako wanaosikia hayo wakasema basi tuache salfa ikae. Siwezi kukubaliana nao hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linahesabu takriban vifo milioni 7 kwa mwaka vinavyotokana na hewa chafu ya nje na ya majumbani. Huwezi kumwambia mama mwenye mtoto wa pumu kwamba pumzi ya mwanawe ndiyo kiyoyozi cha dunia. Zaidi ya hayo, hesabu ya umri inaikataa hoja hiyo: salfa hukaa siku chache, kwa hiyo ubaridi wake ni wa kukodi, unaulipia upya kila wiki kwa mapafu ya watu, huku hewa ukaa chini yake ikizidi kurundikana.

Jibu liko kwenye kikao kimoja. Ni methani inayoweza kuziba pengo hilo. Ukiikata leo, nafuu yake huonekana ndani ya mwongo mmoja au miwili, muda uleule ambao salfa inaondoka. Methani pia huchangia ozoni ya chini, ile inayochoma mapafu na kudumaza mazao, kwa hiyo anayeikata anaokoa tabianchi na mavuno kwa jasho moja. Nchi inayoandika ratiba ya kusafisha moshi wa mitambo yake inapaswa kuandika kwenye ratiba hiyohiyo kuziba mabomba ya gesi yanayovuja, kufunika madampo na kunasa gesi ya migodini. Ahadi ya Glasgow ya mwaka 2021 ya kupunguza methani kwa asilimia 30 ifikapo 2030 ilikuja hasa kama jambo la tabianchi. Laiti ingefungwa pamoja na mipango ya hewa safi, wizara za afya nazo zingeidai.

Je, kupanga aina nyingi kwa pamoja kunawezekana, au ni ndoto ya mwandishi? Kumekwisha kufanyika. Nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini zilisaini mkataba wa uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka mjini Geneva mwaka 1979, na baada ya kushughulika na gesi moja moja kwa miaka 20 zikafika Göteborg, Sweden, mwaka 1999, kwa itifaki iliyoshika uchafu wa aina nne na madhara ya aina tatu kwa mpigo. Walioandaa hesabu, kwa mfumo wa kompyuta uliotengenezwa kwenye taasisi ya IIASA huko Austria, hawakuanza kwa kuuliza kila nchi ipunguze asilimia ngapi. Walianza na ziwa na msitu: udongo huu unaweza kubeba asidi kiasi gani kabla haujaharibika? Kisha wakarudi nyuma, kupitia upepo, hadi kwenye dohani na mazizi ya ng'ombe, wakitafuta mahali ambapo kupunguza ni rahisi zaidi. Kwa njia hiyo amonia ya mazizini, ambayo peke yake hakuna aliyeijali sana, ilipata uzito wake wa kweli, kwa kuwa inatia asidi udongoni na pia inarutubisha maji kupita kiasi. Mwaka 2012 waliongeza chembe laini, masizi yakiwemo. Hewa ukaa na methani zilibaki nje ya makubaliano hayo, na huo ndio upungufu ambao ningependa kizazi hiki kiuzibe.

Kuhusu zana sitakaa sana. Jan Tinbergen, Mholanzi aliyeshiriki tuzo ya kwanza ya Nobel ya uchumi mwaka 1969, alifundisha kwamba ukiwa na malengo matatu unahitaji angalau zana tatu. Anayetaka kodi moja ya kaboni imalizie na moshi na mbolea atabaki na malengo mawili mikononi. Mchumi Martin Weitzman naye alionyesha mwaka 1974 kwamba kama madhara hupanda ghafla ukivuka mstari, weka kikomo cha kiasi. Kama hupanda polepole, weka bei. Kwa zebaki na risasi, basi, marufuku. Kwa hewa ukaa, bei inayopanda kila mwaka kwa ratiba iliyotangazwa mapema. Kwa moshi wa mjini, vikomo vinavyotofautiana kwa mahali, maana tani moja ya salfa juu ya jiji la watu milioni kumi haifanani na tani moja jangwani.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ya zana ni subira. Bahari ya Baltiki inaonyesha kwa nini. Fosforasi inayoingia humo kutoka mashambani na kwenye majitaka imepunguzwa sana tangu miaka ya 1980, kwa fedha nyingi na bidii ya nchi tisa. Lakini iliyotangulia imelala kwenye tope la chini, na kila maji ya chini yanapokosa oksijeni, tope huiachia tena, mwani hustawi, hufa, huoza, hula oksijeni iliyobaki, na duara linaanza upya. Mlipa kodi anauliza mbona tumelipa na bahari haijapona. Ni swali la haki, na mwanasiasa mwenye muhula wa miaka minne au mitano hana jibu linalomfaa kwenye kampeni. Ndiyo maana kwa uchafu unaodumu, mpango usikae kwenye bajeti ya mwaka peke yake. Mchafuzi aweke dhamana kabla hajaanza, katika mfuko ambao hazina haiwezi kuuchota, na fedha zitoke kadiri tope linavyosafika hata kama kampuni yenyewe imeshafungwa.

Nchi nyingi zinazojenga mitambo yake ya kwanza mikubwa sasa hazikuchangia sana kwenye zile sehemu 420 za hewa ukaa, na watu wake wanahitaji umeme kuliko wanavyohitaji mahubiri. Silisahau hilo, na fedha za kuzisaidia kuchagua njia isiyo na moshi ni deni la walioanza mapema. Ila mtambo wa makaa huishi miaka 40 au zaidi. Utakaoidhinishwa mwaka huu utakuwa ukiwaka baada ya 2060, wakati salfa ya siku yake ya kwanza imekwisha sahaulika na hewa ukaa ya siku hiyohiyo ipo bado. Fomu ya kuomba kibali huuliza kilo ngapi za nini zitatoka kwa mwaka. Ningeongeza safu tatu: kila kimoja kitaishi muda gani, kikikamatwa kitawekwa wapi, na bei yake ya mwaka 2050 ni kiasi gani. Hiyo ya mwisho ijazwe kabla ya saini.